Kukitia taa ya nyuma kikokotoo cha grafu kwa vifaa vya Langoni

Vikokotoo vya grafu vya zamani, kama TI-83 Plus iliyotoka mwaka 1999, TI-84 Plus ya 2004 au Casio fx-9750GII, vina kioo kisicho na taa. Maandishi yake husomeka kwa mwanga wa nje tu: mwanga huingia kwa mbele, hugonga karatasi ya rangi ya fedha iliyobandikwa mgongoni mwa kioo, kisha hurudi machoni. Mchana ukiwa barazani hakuna tabu. Tabu huja usiku stima ikipotea, au hata saa nane mchana ukiwa chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, ambako mwanga wote hutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi, na kufika kwako umeshafifia. TI-84 Plus CE ya 2015 inakuja na taa yake, lakini mwenye ya zamani hana sababu ya kuitupa. Hesabu ni zile zile.

Kazi yenyewe ni kuiondoa ile karatasi ya fedha na kuweka mwanga mahali pake. Vitu karibu vyote vinavyohitajika vimo katika boksi la vioo vilivyopasuka la fundi wa simu, na fundi wa simu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hakosekani. Umeme wake ni mwepesi. Panapotaka subira ni pale pa kubandua karatasi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kabla hujafungua

Fikiria kwanza kikokotoo kitatumika wapi. Karatasi za hisabati za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, huruhusu vikokotoo visivyopokea programu na visivyotoa sauti, kwa hiyo cha grafu hakiingii chumba cha mtihani, kiwe na taa kisiwe nayo. Aliye chuo kikuu na amwulize mhadhiri wake mapema, maana msimamizi akiona swichi ya kuongezwa pembeni ana haki ya kukizuia.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Utatoa betri zote, za AAA nne na ile ndogo ya akiba, na kila kilichomo kwenye RAM, kumbukumbu inayotegemea betri, kitafutika. Kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus, ingia menyu ya MEM, chagua Archive, uhamishe programu zako huko. Kilichohifadhiwa humo hubaki hata betri zikitoka. Programu uliyoiandika mwenyewe inakili pia kwenye daftari au kompyuta. Ni kazi ya dakika chache, na haifai kuiruka.

Kutafuta taa

Usianze kwa kununua taa za LED moja moja. Za milimita 3 au 5, zile za duara, ni nene mno, hazikai nyuma ya kioo. Za kwenye ukanda wa volti 12 zimeungwa tatu tatu kwa mfululizo na zinataka kama volti 9 ili ziwake, na kikokotoo chako kina volti 6. Unachotaka ni taa ya nyuma iliyokwisha tengenezwa, na hiyo imo mgongoni mwa kila kioo cha simu ndogo. Msalimu fundi, kisha mwambie wazi: «Fundi, kuna vioo vya mulika mwizi vilivyopasuka hapo? Kioo chenyewe sikitaki, nataka taa yake ya nyuma.» Atakumiminia boksi uchague.

Ukikitenganisha kioo hicho utakuta tabaka hizi, kutoka nyuma kuja mbele: karatasi nyeupe inayorudisha mwanga, bamba jembamba la plastiki angavu, karatasi ya maziwa inayotandaza mwanga, na karatasi moja au mbili zenye mistari midogo sana zinazouelekeza mwanga mbele. Taa zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, nazo zimejipanga ukingoni mwa bamba. Mwanga huingia kwa ubavu, husafiri ndani ya plastiki, na hutokea juu kupitia vidoa vidogo vilivyochapwa upande wa chini. Liinamishe bamba kwenye jua utaviona: vimeachana karibu na taa na kukaribiana kadiri vinavyokwenda mbali, ili upande wa mbali nao upate mwanga wa kutosha. Kwa sababu hiyo ukilikata bamba, kata upande ulio mbali na taa, na usiguse ukingo wenye taa.

Pima eneo la kioo cha kikokotoo kwa rula kabla hujakwenda kwa fundi. Kioo cha simu cha inchi 2.8 kina eneo la kama milimita 43 kwa 58. Chukua taa iliyo kubwa kidogo kuliko kioo chako. Iliyo ndogo itakuachia pembe za giza, na hakuna dawa yake.

Sasa ijaribu palepale dukani. Tafuta nyaya mbili za taa kwenye utepe wa kioo, uziguse kwa betri bapa ya volti 3, CR2032. Ikiwaka, basi taa zake zimeungwa sambamba na zinakufaa. Isipowaka, geuza ncha. Isipowaka tena, huenda taa zake ni za mfululizo, kama zilivyo kwenye vioo vya simu kubwa, na hizo hutaka volti nyingi kuliko ulizo nazo. Irudishe, chagua nyingine. Usihangaike kuikata na kuiunga upya, maana ni kazi ya hadubini na mjini zipo nyingi zilizo tayari.

Chukua na kioo kimoja kikubwa cha simu kilichopasuka, ilimradi kiwe cha LCD, yaani kile kinachomulikwa na taa ya nyuma. Huenda usikihitaji, lakini ukikihitaji utakihitaji usiku, duka limefungwa.

Vitu vingine: bisibisi ya nyota T6 na ya msalaba, wembe mpya, mita, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu, waya mwembamba wa rangi mbili (nyekundu na nyeusi), swichi ndogo ya kusukuma pembeni, rezista chache, tepu ya pande mbili, tepu inayovumilia joto, vijiti vya pamba, alkoholi ya isopropili, na rangi ya kucha isiyo na rangi.

Rezista gani?

Betri nne za AAA zikiwa mpya hutoa volti 6 na kitu. Taa nyeupe ya LED hula kama volti 3. Volti 3 zilizobaki lazima ziliwe na rezista, la sivyo taa itapitisha umeme kupita kiasi na kuungua. Gawanya volti 3 kwa mkondo unaoutaka. Ukiweka rezista ya omu 220 (nyekundu, nyekundu, kahawia), utapata kama miliampia 14 kwa taa zote pamoja, na kwa kusoma gizani hizo zinatosha sana. Betri ya AAA ya alkali ina kiasi cha miliampia-saa 1,000, kwa hiyo taa peke yake inaweza kukaa saa 70 hivi, na itafifia polepole kadiri betri zinavyoshuka. Omu 150 huongeza mwanga lakini betri huisha mapema. Mimi naishia 220, kwa sababu gizani jicho huzoea, na taa kali kwenye kioo cha namna hii huyafanya maandishi yapauke.

Atumiaye betri za kuchaji ajue kwamba nne zake hutoa volti 4.8 tu. Kwa omu 220 atapata kama miliampia 8. Huyo ndiye wa kuweka 150 au hata 100.

Kufungua

Fanya kazi hii kiwandani au karibu na dirisha, asubuhi, kabla upepo haujashika kasi. Msimu wa kusi upepo wa alasiri hupeperusha karatasi hizi nyembamba, na zikishaingia mchanga hazisafishiki. Usitandike mkeka: skrubu ya T6 ikizama kwenye ukili huioni tena. Tandika shuka jeupe na uweke kisahani cha skrubu pembeni.

Toa betri zote. Kwenye TI-83 Plus utakuta skrubu za nyota mgongoni, na ya msalaba ndani ya chumba cha betri. Kifuniko hakiachii kwa nguvu. Pitisha ukucha au kadi ya simu ukingoni uanzie upande wa juu, nacho kitalia vishikizo vyake kimoja kimoja. Unyevu wa Lamu una faida yake hapa, kwani umeme tuli si hatari kama ulivyo nchi kavu, lakini bado gusa chuma kabla hujagusa bodi.

Kioo kimeungana na bodi kwa utepe wa nyaya. Kwenye miundo mingine kinashikwa na fremu ya chuma yenye masikio yaliyopindwa, na chini yake kuna kijiti laini cha mpira chenye mistari ya kupitishia umeme. Ukikutana na utepe, usiukunje zaidi ya ulivyokunjwa kiwandani ulikotengenezwa, wala usiukaribishe chuma cha moto. Ukikutana na mpira, usiuguse kwa vidole vyenye mafuta, na uweke alama jinsi ulivyokaa. Piga picha kila hatua.

Kubandua karatasi ya fedha

Kwanza jaribu bila kubandua. Rudisha betri kwa muda, washa kikokotoo kikiwa wazi, ingia chumba cha giza, mulika tochi ya simu nyuma ya kioo. Kuna vioo vilivyotengenezwa vipitishe mwanga kidogo. Ukiona namba zimekaa juu ya mwanga uliosambaa vizuri, bahati yako, ruka uende kwenye kuunga nyaya. Ukiona giza tupu, endelea. Zima, toa betri.

Laza kioo kifudifudi juu ya kitambaa laini. Karatasi ya nyuma ina rangi ya fedha au kijivu, na imegandishwa kwa gundi. Chagua pembe iliyo mbali kabisa na utepe wa nyaya. Laza wembe ubapa juu ya kioo, karibu sambamba nacho, ingiza ncha yake chini ya pembe ya karatasi kiasi cha milimita mbili, basi. Wembe kazi yake imekwisha, uweke kando. Kuanzia hapo ni vidole.

Shika pembe iliyoinuka uirudishe nyuma juu ya karatasi yenyewe, kama mtu anayekunja ukurasa, na uivute ikiwa chini chini, bila kuiinua kuelekea juu. Ukivuta kwenda juu unakipinda kioo, na kioo hiki ni mabamba mawili membamba yenye kimiminika katikati. Mkono wa pili ukandamize kioo karibu na mstari pale karatasi inapoachia, na mkono huo usogee pamoja na mstari. Utausikia mlio mwembamba wa gundi ikiachia. Mlio ukikatika ghafla na karatasi ikagoma, usiongeze nguvu: rudi uanze pembe nyingine mkutane katikati. Chumba kikiwa na joto gundi hulegea, na joto ndilo tulilojaliwa, kwa hiyo saa za adhuhuri karatasi huachia vizuri kuliko alfajiri. Usitie alkoholi wala maji chini ya karatasi kuiharakisha. Vikipenya ukingoni vitaingia kwenye miungano na kuacha mistari isiyowaka.

Gundi iliyobaki itoe kwa kuisugua na kidole mpaka ijiviringe, kisha umalizie kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa alkoholi kidogo, kikaminywa. Sugua katikati kwenda pembeni na uache milimita moja ya ukingo bila kuigusa.

Namba zikipotea

Rudisha betri, washa, weka kioo juu ya taa ya simu inayowaka. Ukiziona namba, umemaliza hatua hii. Ukiona kioo cheupe kitupu, usiogope, hakijaharibika. Kioo cha LCD kinahitaji karatasi mbili za polaraiza, zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, moja mbele na moja nyuma, na mara nyingi ile ya nyuma hubanduka pamoja na karatasi ya fedha kwa kuwa ziligandishwa pamoja. Umeme unaendelea kuchora namba ndani ya kioo, ila jicho peke yake haliwezi kuzitenga.

Hapa ndipo kile kioo kikubwa kilichopasuka kinapofanya kazi. Mgongoni mwake, upande uliokuwa umetazama taa, kuna karatasi ya polaraiza safi. Kitie ndani ya mfuko wa plastiki, vaa miwani na glavu kwa sababu ya vipande, uibandue polepole. Ukitaka kuhakikisha kwamba umepata kitu sahihi, azima miwani ya jua ya polaraiza, ile wanayovaa manahodha kuondoa mng'aro wa maji. Tazama karatasi kupitia miwani huku ukiizungusha: ikiwa nyeusi kisha ikarudi angavu, ndiyo.

Iweke kati ya taa na kioo cha kikokotoo, uizungushe taratibu. Namba zitajitokeza. Kwenye pembe moja zitakuwa nyeusi juu ya mwanga. Ukiizungusha robo mzunguko kutoka hapo zitageuka kuwa za mwanga juu ya giza. Katikati utapita rangi za kimanjano na buluu, ndiyo tabia ya vioo hivi. Chagua unayoipenda, lakini mimi nashauri nyeusi juu ya mwanga, kwani ndiyo itakayosomeka pia mchana. Ikikaa sawa, chora mstari kwa kalamu kabla hujakata, kisha kata kwa ukubwa wa kioo ukiifuata pembe hiyo hiyo. Ng'oa ngozi ya kinga kama ipo, ugandishe kwa vipande vyembamba vya tepu ya pande mbili ukingoni tu. Supaglu isikaribie hapa. Moshi wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo usiotoka.

Kuunga nyaya

Weka betri, weka mita kwenye volti 20 za DC, tafuta ncha mbili za chumba cha betri zinazosoma kama volti 6. Hizo ndizo chanya na hasi yako. Ziwekee alama, toa betri.

Njia ni hii: kutoka chanya, waya mwekundu hadi swichi, kutoka swichi hadi rezista, kutoka rezista hadi ncha ya taa iliyowaka ilipoguswa na upande chanya wa CR2032, kutoka ncha ya pili ya taa, waya mweusi urudi hasi. Taa yako ikiwa na nyaya kadhaa za hasi, ziunge zote pamoja. Utepe wa taa huyeyuka upesi, kwa hiyo tia risasi kwenye waya kwanza, kisha gusa sekunde moja na uondoe. Jaribu kabla hujafunga chochote.

Swichi iweke ubavuni, sehemu ya juu, mbali na vibonye na mbali na tundu la kebo. Toboa kwa keekee ndogo, upanue kwa tupa, kidogo kidogo, ukiijaribisha swichi kila mara.

Jambo la mwisho la kuangalia huku pwani ni chumvi. Hewa ya bahari hapa hula shaba isiyofunikwa, na mabaki ya dawa ya kulehemu huvuta unyevu. Safisha kila muungano kwa alkoholi, uache ukauke, upake rangi ya kucha isiyo na rangi. Fundi wa bara anaweza kuiacha hatua hii. Wewe usiiache.

Kufunga

Panga tabaka: bodi, tepu ya kuzuia umeme, karatasi nyeupe, bamba lenye taa, karatasi za kutandaza mwanga, polaraiza kama uliiongeza, kioo. Taa ya simu ikiwa na fremu ya bati, itoe au uifunike yote kwa tepu, maana ikigusa bodi italeta shoti. Karatasi nyeupe usiiache: mchana ndiyo inayorudisha mwanga wa jua mahali pa ile ya fedha. Hata hivyo juani kioo kitasomeka kwa ufifi kuliko zamani, hilo ulijue mapema.

Funga skrubu kwa vidole viwili. Kifuniko kisipokaa chenyewe usikibane, kwa kuwa kioo kilichobanwa hufanya madoa meusi yanayotembea. Fungua, toa karatasi moja ya mistari, ujaribu tena. Utapoteza mwanga kidogo, na unene utapungua.

Washa kikokotoo, washa taa. Kwenye TI bonyeza 2nd kisha mshale wa juu au wa chini kurekebisha wino wa kioo, kwa sababu kipimo cha zamani hakitafaa tena.

Asiyetaka kubandua

Kama kikokotoo ni cha kuazima, au ndicho pekee na muhula unaendelea, usikibandue. Chukua taa mbili ndogo bapa, kila moja na rezista yake ya omu 680, uzifiche chini ya ukingo wa dirisha la plastiki lililo mbele ya kioo, zimulike kwa ubavu. Mwanga hautakuwa sawasawa: karibu na taa utakuwa mkali na upande wa pili hafifu. Lakini namba na grafu zitasomeka gizani, na siku ukitaka kuzitoa kikokotoo kitarudi kama kilivyokuwa.

Kwa njia zote mbili, kumbuka kwamba kikokotoo cha TI kikiachwa hujizima chenyewe baada ya dakika chache, lakini taa yako haijizimi, kwa kuwa inakula moja kwa moja kutoka kwenye betri. Tia alama nyekundu upande wa swichi inapowaka, ili ukikitia mkobani uone kwa jicho moja kama umeizima.